Kumpata msaidizi wa mtandaoni na kufanya naye kazi: mwongozo kwa mwenye biashara ndogo Nairobi

Jumamosi moja vijana wangu watatu wa kuosha makochi walitakiwa kuwa Kitengela saa tatu asubuhi, Ruaka saa tano, na Juja saa saba mchana. Anayeijua Nairobi ameshaanza kucheka, maana hizo ni pande tatu za mji zilizo mbalimbali. Aliyeipanga siku hiyo alikuwa msaidizi wangu wa kwanza wa mtandaoni, binti mwerevu aliyekuwa akiishi Eldoret, ambaye hakuwahi kukwama Mombasa Road. Aliona kalenda ina nafasi, akazijaza. Kitengela tuliosha. Ruaka tulifika saa tisa, tukapewa maneno yetu, tukarudi. Juja sikuthubutu hata kupiga simu, nilituma ujumbe.

Wiki nzima nilimlaumu yeye. Kisha nikajiuliza ni wapi nilipomwambia kwamba Kitengela na Ruaka hazikai kwenye asubuhi moja. Hakuna. Jambo hilo lilikuwa kichwani mwangu tu, na kichwa changu hakikuwa sehemu ya alichokabidhiwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye yale ya kufanya kabla hujatangaza kazi. Kumpata mtu si kugumu. Nairobi na nje yake wamejaa vijana wenye kompyuta, Kiingereza kizuri na njaa ya kazi.

Anza na daftari

Usitafute mtu bado. Nunua daftari, na kwa siku saba, kila unaposhika simu kwa ajili ya biashara, andika saa, ulichofanya na dakika zilizokwenda. Usingoje jioni ukaandika kwa kukumbuka, utajidanganya. Mimi nilikuwa na hakika kwamba kinachonimaliza ni kupiga picha na kuziweka Instagram. Daftari likaonyesha kingine: maswali matano yaleyale. Kochi la viti saba ni pesa ngapi? Mnafika huku kwetu? Linakauka baada ya muda gani? Mnakuja na maji yenu? Naweza kulipa mwisho wa mwezi? Nilikuwa nayajibu nikiwa juu ya bodaboda, nikiwa kanisani, nikiwa na brashi mkono mmoja na simu mkono wa pili.

Wiki ikiisha, pitia kila mstari na uweke alama. Duara ni kazi ambayo mtu mwingine ataifanya akipewa maelezo. Mstari chini yake ni kazi inayongoja neno lako la mwisho lakini mtu anaweza kukuandalia, kama ankara au tangazo. X ni ile isiyotoka mkononi mwako. Sasa jumlisha dakika za duara. Zikiwa chini ya saa moja kwa siku, usiajiri mtu. Pakua WhatsApp Business, ambayo ni bure, andika majibu ya haraka ya maswali yako yanayojirudia, weka salamu ya kumpokea mteja mpya na ujumbe wa saa ambazo umefunga. Nimeona watu wakiajiri kwa sababu wamechoka, wakati walichohitaji ni majibu matano yaliyoandikwa vizuri na kulala mapema.

Kwangu duara zilifika karibu saa tatu kwa siku. Hapo kuna kazi ya mtu.

X zangu ni chache. Pesa kutoka: hakuna anayelipa fundi, mafuta au sabuni ila mimi. Mteja ambaye kitu chake kimeharibika: mama mmoja wa Buruburu kochi lake la maruni lilitoa rangi, na hilo ni la kupigiwa simu na mwenye biashara, si la kujibiwa na mtu ambaye hajaliona. Na kupatana bei, lakini hii nusu tu. Mteja wa Nairobi ataomba upunguze hata ukimwambia ni bure, kwa hiyo msaidizi akikuuliza kila mara hujapunguza kazi yoyote. Mpe nafasi yenye mpaka. Wangu anaruhusiwa kupunguza shilingi 300, mara moja, kwenye kazi inayozidi shilingi 3,000. Zaidi ya hapo anasema, "Ngoja nimuulize mwenyewe," na kwa bahati nzuri huo si uongo.

Iandike Nairobi yako

Hii ndiyo hatua watu huiruka. Fungua hati moja ya Google Docs uandike kazi za duara kana kwamba unamwandikia mtu aliyeshuka basi leo kutoka mbali. Usiandike "panga wateja vizuri". Andika unavyopanga wewe.

Mimi niligawa mji kwa barabara, kwa sababu gari letu haliendi kwa kaunti ndogo. Mombasa Road: South B, South C, Imara Daima, Syokimau, Mlolongo, hadi Kitengela. Thika Road: Roysambu, Kasarani, Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja. Waiyaki Way: Westlands, Kangemi, Uthiru, Kinoo. Ngong Road: Kilimani, Dagoretti Corner, Karen, Ngong. Lang'ata na Rongai pamoja. Ruaka na Banana pamoja. Jogoo Road: Buruburu, Donholm, Umoja, Kayole, na hapo ndipo stoo yetu ilipo. Kisha sheria: siku moja, barabara moja. Ikilazimu ziwe mbili, ziwe zinapakana, na kati ya kazi na kazi kuwe na saa mbili. Ijumaa hakuna kazi inayoanza baada ya saa nane mchana. Mvua za Aprili na Novemba zikianza, ongeza saa nzima. Tukipita barabara ya juu kati ya Mlolongo na Westlands, ada yake iingie kwenye bei, isitoke mfukoni mwa dereva.

Biashara yako huenda haina magari. Labda unauza mitumba ya Gikomba kupitia picha, au keki, au vipuri kutoka Kirinyaga Road. Hata hivyo unayo Nairobi yako ambayo hujawahi kuiandika: muuzaji gani wa Kamukunji hutoa mali kwa ahadi, mteja gani akisema "natuma sasa hivi" ina maana ya kesho kutwa, mzigo wa Kisumu unapelekwa stendi saa ngapi ili usilale.

Baada ya ramani, andika maswali ambayo kila mteja lazima aulizwe kabla ya kupewa siku. Yangu yametokana na makosa, moja baada ya jingine. Maji yanatoka siku gani? Mitaa mingi hupata maji kwa mgao, na timu ikifika siku ya ukame inageuka kuwa timu ya kununua mitungi. Ghorofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi? Mashine yetu ni nzito. Tokeni za stima zipo? Mlinzi wa getini anataka majina na vitambulisho vya vijana? Kuna nyumba hatukuruhusiwa kuingia kwa sababu msimamizi hakuarifiwa, na mteja akadhani hatukwenda. Na kama ni Julai, mwambie mteja mapema kwamba kwa baridi ile kochi halitakauka jioni ileile, asije akaalika wageni.

Malizia kwa sauti ya biashara. Mteja akiandika Kiswahili ajibiwe Kiswahili, akiandika Kiingereza ajibiwe Kiingereza, akija na Sheng ajibiwe kwa Kiswahili chepesi bila kushindana naye. Asiitwe mrembo, bosi wala mpenzi. Jibu la kwanza kwetu liko hivi: "Habari ya asubuhi, karibu. Ili nikupe bei kamili, naomba picha ya kochi, mtaa, ghorofa, na siku ambayo huwa mna maji." Fupi, lakini limeshapunguza jumbe sita.

Pa kumtafuta

Wanaofanya kazi hii hujitambulisha kwa herufi mbili, VA, yaani "virtual assistant", kwa hiyo tafuta hivyo pia. Wengi wamepitia mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulio chini ya wizara ya ICT, au kozi ya wasaidizi ya ALX, shirika la mafunzo ya kidijitali. Utawakuta kwenye tovuti za kazi kama LinkedIn, BrighterMonday na Fuzu. Upwork na Fiverr nazo zimejaa Wakenya, ila majukwaa hayo hukata ada yake na bei hupangwa kwa dola. Kwa mwenye duka la Umoja anayemtafuta Mkenya mwenzake sioni sababu ya kuzunguka huko. Njia iliyonifaa zaidi ni kumuuliza mwenye biashara mwenzangu kama msaidizi wake ana saa za ziada. Alikuwa nazo.

Ndugu je? Binamu yangu alijitolea, nikakataa kwa upole, na bado tunasalimiana. Ningemkubali, leo hatungesalimiana.

Tangazo liseme kazi, saa, malipo na vifaa. Usifiche malipo kwa neno "yatajadiliwa". Mitandao imejaa kazi hewa zinazomtaka mwombaji alipe ada ya usajili, na kijana makini akiona tangazo lisilo na kiasi hupita. Wala wewe usimtoze mwombaji hata shilingi moja, si ya fomu, si ya mafunzo. Langu lilisomeka hivi: "Biashara ya kuosha makochi Nairobi inahitaji msaidizi wa kujibu wateja WhatsApp na kupanga ratiba, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Shilingi 250 kwa saa, bando tunalipa sisi. Uwe na kompyuta yako. Tuambie stima ikipotea hapo kwako huwa unafanya nini."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyochuja. Wengine waliandika kwamba kwao stima haipotei. Hao niliwaweka kando, kwa sababu wanaishi katika nchi ambayo siijui. Mmoja aliandika kwamba ana betri inayoshikilia modemu, na bando la simu la akiba, na mkahawa ulio dakika kumi kwa miguu. Huyo nilimpigia.

Jaribio la kazi, na ulilipie

Barua ya maombi inakuonyesha jinsi mtu anavyoandika barua ya maombi. Chukua watu watatu, wape kila mmoja saa mbili za kazi halisi, na uwalipe hata kama hutawachukua. Mimi huwapa jumbe kumi za wateja nikiwa nimefuta majina na namba, ile hati ya maelezo, na kalenda tupu. Ndani yake natega mitego. Wateja wawili, Syokimau na Kinoo, wote wanataka Jumatano asubuhi. Mmoja hakutaja mtaa. Mmoja ametuma picha ya ujumbe wa M-Pesa akidai ameshalipa.

Ninachotazama si kasi. Kati ya watatu wa mwisho, mmoja alirudisha kazi safi kabisa, imepangwa kwa rangi, bila kuniuliza swali hata moja. Mwingine alikawia, lakini aliniandikia: "Utawala iko barabara gani? Kwenye orodha yako haipo." Kweli haikuwepo. Niliisahau Eastern Bypass nzima. Ndiye niliyemchukua, na yuko nami hadi leo. Yule wa rangi alikuwa ameitupa Utawala kwenye Thika Road na kunyamaza.

Baada ya jaribio, zungumzeni kwa simu kama robo saa, usikie anavyoongea na mtu asiyemjua, kisha uwapigie watu wawili waliowahi kufanya naye kazi. Swali moja linatosha: alipokosea, mlijuaje? Wakisema aliwaambia mwenyewe, umepata mtu.

Malipo, mkataba, na KRA

Hesabu ni rahisi: saa tatu kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni saa 66. Kwa shilingi 250 hiyo ni 16,500. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024, na hicho ni cha kazi ya siku nzima, isiyohitaji kompyuta wala lugha mbili. Ukimtaka mtu wa saa nane kwa siku kwa hizo 16,500, utapata anayefanya kazi nyingine mbili pembeni bila kukwambia. Afadhali saa chache zilizolipwa vizuri. Bando lilipe kando, na siku ya malipo isisogee. Anayelipwa tarehe 5 mwezi huu na tarehe 14 mwezi ujao huanza kujibu wateja kwa tarehe hizohizo.

Amueni mapema kama ni mwajiriwa au mtu wa kujitegemea anayekuuzia huduma, na msijidanganye kwa jina lililo juu ya karatasi. Wakigombana watu mahakamani, kinachotazamwa ni mlivyoishi: nani alipanga saa, nani alitoa vifaa, kama alikuwa huru kufanyia wengine. Ukimpangia siku nzima, kila siku, na kumkataza wateja wengine, huyo ni mwajiriwa hata mkataba ukisema vingine. Mwajiriwa ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na wewe una wajibu wa PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya SHA ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara wake, na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi.

Msaidizi wa saa tatu anayefanyia na wengine kwa kawaida ni mtu wa kujitegemea. Hapo kuna mambo mawili ya kodi. La kwanza, ada za huduma za namna hii zikifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mlipaji hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kwa PIN, yaani namba ya mlipakodi, ya anayelipwa. Mweleze jambo hilo kabla ya malipo ya kwanza, maana hakuna anayependa kushtukia pesa pungufu kwenye simu. La pili ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi unapokokotoa kodi ya faida. Ikiwa uko kwenye kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, gharama hazikatwi, kwa hiyo suala hilo halikubani sana. Saa moja ya mhasibu itakuondolea wasiwasi uliobaki.

Mkataba wenyewe uwe wa kurasa mbili: kazi, saa, malipo na siku yake, notisi ya wiki mbili kwa pande zote, picha na orodha ya wateja ni mali ya nani, na taarifa za wateja zitumike kwa kazi uliyomwelekeza tu. Kifungu hicho cha mwisho si cha kujaza karatasi. Fikiria anachojua mtu anayenipangia ratiba: jina, simu, mtaa, namba ya nyumba, na saa ambazo mwenye nyumba hayupo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka anayeshughulikia taarifa kwa niaba yako awe na mkataba wa maandishi nawe, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, umwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kuhusu kujiandikisha kwa Kamishna huyo, biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imeruhusiwa kutojisajili, isipokuwa iwe kwenye sekta zilizotajwa, kama afya, elimu, fedha au usafiri. Kutojisajili hakukuondolei wajibu wa kulinda.

Funguo za nyumba

Kabla ya yote, biashara iwe na laini yake. WhatsApp Business hukuruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne kwa namba moja, kwa hiyo msaidizi anaweza kujibu kutoka kompyuta yake huku simu ikiwa kwako. Lakini aliyeunganishwa huona kila kitu. Huwezi kumfungulia wateja ukamfungia chama. Msaidizi wangu wa kwanza alijua mahari ya binamu yangu ilivyopatanwa kabla mimi sijafungua kikundi cha familia. Nilinunua laini mpya wiki hiyohiyo.

Njia ya kawaida ya kuunganisha ni simu yako kusoma msimbo kwenye skrini yake. Ikiwa yuko mbali, fanyeni kwa simu ya video huku akikuonyesha skrini, haraka, maana msimbo hubadilika. Simu kuu isipotumika kwa siku 14 vifaa vyote hutolewa, basi usiisahau kwenye droo ukienda ushago Desemba. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na hizo tarakimu sita zibaki zako.

Kwa Facebook na Instagram usitoe nenosiri. Mwongeze kupitia Meta Business Suite, zana ya kusimamia kurasa za mitandao hiyo miwili, kwa akaunti yake na umpe kazi anazohitaji tu. Kalenda na majedwali ya Google vilevile: shiriki kwa barua pepe yake, si kwa kiungo ambacho yeyote anaweza kufungua. Panapolazimu kushiriki nenosiri, tumia programu ya kutunza manenosiri kama Bitwarden. Nenosiri lililotumwa kwa WhatsApp linabaki pale milele, likingoja simu iibiwe stendi.

PIN ya M-Pesa haitoki. Msaidizi hahitaji hata kuona salio. Anachohitaji ni kujua nani amelipa, na hapo sheria yetu ni moja: picha ya ujumbe iliyotumwa na mteja si malipo. Jumbe za kughushi zinatengenezwa kwa dakika mbili. Dipoziti imeingia pale simu yangu ya biashara inapopokea ujumbe na mimi ninapoandika "imeingia" kwenye jedwali. Kabla ya hapo gari haliondoki. Jioni napakua taarifa ya malipo na kuiweka kwenye folda yake, alinganishe.

Wiki mbili za kwanza

Wiki ya kwanza aandike majibu, wewe uyatume. Itakuchosha, na utahisi umeongeza kazi badala ya kupunguza. Ni kweli umeongeza. Wiki ya pili anatuma mwenyewe, wewe unasoma jioni. Kila asubuhi saa mbili kasorobo tulipigiana simu ya dakika kumi: nini cha leo, nini kimekwama. Mwisho wa zamu alinitumia mistari mitano: wateja wapya, waliopewa siku, waliolipa, waliolalamika, na swali alilokosa jibu lake. Mistari hiyo bado anaituma. Simu ya asubuhi imebaki ya Jumatatu.

Maelekezo yawe mahali pamoja. Nilikuwa na tabia ya kutuma ujumbe wa sauti nikiwa barabarani, upepo ukivuma na makanga akiita abiria, kisha kesho yake nashangaa kwa nini halikufanyika. Sasa jambo lisilo kwenye jedwali halijasemwa.

Na kuna neno "sawa". Ukimweleza Mkenya kazi, atasema sawa. Sawa yaweza kuwa nimeelewa, nimesikia, sitaki kukusumbua, au nitamuuliza mtu mwingine. Usiikubali peke yake. Mwambie, "Nieleze utaanzaje," usikilize. Tulipofanya hivyo kuhusu bei ya kochi la kona, nikagundua alikuwa akihesabu ile pembe kama kiti kimoja, mimi nahesabu viwili. Ungekuwa mwezi mzima wa bei za hasara.

Akikosea, nenda kwanza kwenye hati. Ikiwa jambo halikuandikwa, liandikeni pamoja, yamekwisha. Ikiwa limeandikwa na amelirudia mara tatu, hapo zungumza naye, faraghani na kwa simu, si kwa maandishi ambayo atayasoma usiku akiwa peke yake. Hati yangu ilianza na kurasa tatu, sasa ina kumi na moja, na nyingi kati ya hizo ameziandika yeye. Kuna mstari unaosema, "Mteja wa Rongai akisema yuko karibu na stendi, muulize stendi ipi." Mimi nisingeufikiria.

Siku ya kuachana

Wasaidizi wazuri huondoka. Hupata kazi ya nje inayolipa kwa dola, na huna la kufanya ila kufurahi kwa sauti. Mwombe atumie wiki mbili za notisi kumfundisha anayemfuata akiwa na hati ileile mkononi. Mahali mgeni anapokwama ndipo hati ina pengo.

Siku ya mwisho fanya kwa mpangilio huu. Mlipe kwanza, siku hiyohiyo, hadi saa ya mwisho aliyofanya kazi. Kisha fungua WhatsApp kwenye simu ya biashara, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe cha kwake. Mtoe Meta Business Suite, kalenda, majedwali na folda ya malipo. Badilisha kila nenosiri alilowahi kuliona, hata kama mnapendana. Mwombe afute faili za wateja zilizobaki kwenye kompyuta yake na akuthibitishie kwa maandishi. Halafu mwandikie barua ya kumpendekeza ikitaja alichofanya hasa, kwa idadi na kwa kazi, na umtumie kabla hajaiomba.